Blanketi la Jino

Ninyi mnaotoka vyuoni na taa zenu za bluu, mnaziba jino kabla mgonjwa hajamaliza kujuta kuja, leo niazimeni masikio. Siwaonei wivu. Haya, nawaonea kidogo, hasa nikikumbuka mkono wangu wa kulia ulivyokuwa ukikakamaa nilipokuwa mwanafunzi, kwa kusaga zebaki kwenye kinu. Lakini taa haitawafundisha kuuliza. Mgonjwa akikaa kitini akasema jino linauma, usikimbilie kuchungulia. Muulize linaumizwa na nini. Chai ya moto, au maji ya baridi? Likishtuka, linanyamaza upesi au linaendelea kunung'unika? Nimefanya kazi ya meno hapa Tukuyu mpaka nikastaafu, na swali hilo limenifaa kuliko chombo chochote nilichowahi kushika.

Mara moja tu nililiuliza nikatamani nisingeuliza.

"Linaumizwa na nini, baba?"

"Linauma watu wakisema."

Nitafika huko. Kwanza mjue nilivyofundishwa, maana msipojua hilo hamtaelewa nilichokosea.

Mimi naitwa Atuganile. Watu waliniita daktari nami sikuwakataza, ila cheo changu kilikuwa tabibu wa meno. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gwakisa, mtu mfupi, mchache wa maneno, mwenye mikono mikubwa kuliko midomo ya wagonjwa wake. Siku ya kwanza hakunionyesha jino. Alimimina chai ya moto kwenye bakuli, akazamisha kijiko cha bati na mwiko mdogo wa mti, akasubiri, kisha akaniambia nishike vyote viwili. Kijiko nilikitupa. Mwiko niliendelea kuushika kama mjinga, nikisubiri uniunguze.

"Jino ni mwiko," akasema. "Gamba lake na mfupa wake havipitishi moto upesi. Ndani kimelala kiini, kitu hai. Wewe unakuja na chuma chako unamwekea kijiko kitandani. Sasa mwenzako atalala?"

Kwa hiyo, kabla ya kujaza amalgamu, yaani zebaki iliyosagwa na unga wa fedha, kwenye shimo refu, ulikuwa unatandika chini yake simenti ya meno, au unga wa zinki uliokorogwa na mafuta ya karafuu. Vitabu viliipa safu hiyo majina marefu. Sisi tuliiita blanketi. Mzee Gwakisa alikuwa akisema, "Hapa Tukuyu nani analala bila blanketi?" Wagonjwa wakacheka, nasi tukapata nafasi ya kuwachoma sindano ya ganzi.

Somo la pili silisahau, ingawa ningependa. Alikuwa na jino la zamani lililong'olewa, lenye kiziba cha amalgamu ambacho kwa macho hakikuwa na kasoro yoyote. Akalizamisha kwenye maji ya baridi muda mrefu, akalitoa, akalipangusa likakauka kabisa. Halafu akalishika kati ya vidole viwili vyake vyenye joto, akaniambia niangalie pale kiziba kinapokutana na jino. Sikuona kitu. Baadaye nikaona unyevu. Ukakusanyika, ukawa tone, tone likakua likameremeta. Jino la mtu nisiyemjua, pengine alikwisha zikwa, lilikuwa likitoa jasho mbele yangu.

"Linapumua," akasema Mzee Gwakisa.

Akanieleza. Amalgamu ikipata joto hutanuka kuliko jino, ikipata baridi husinyaa kuliko jino. Basi kila mtu anywapo chai kisha akavuta hewa ya asubuhi, upenyo mdogo kuliko unywele hufunguka na kujifunga pembeni mwa kiziba, ukinyonya mate na kuyatema. Ndiyo sababu tunakandamiza amalgamu kwa nguvu zote, na ndiyo sababu kiziba kilichofanywa kwa haraka huoza chini kwa chini. Nilielewa vizuri. Hata hivyo siku ile chai ilinishinda, na usiku wake nilikuwa nikiupitisha ulimi kwenye magego yangu moja moja.

Mambo ya namna hiyo yalikuwa mengi. Bibi mmoja wa Suma alikuja kupimwa meno ya bandia, akafariki kabla hatujayatengeneza. Ndugu zake walisema alikuwa akiona aibu sana kuwa kibogoyo na wasingemzika bila meno. Nikapewa kazi ya kumimina plasta kwenye chapa ya mdomo wake. Plasta ikaanza kukaza, nikaishika mkononi niitoe. Ikapata joto. Joto likapanda taratibu mpaka likawa lilelile la mwili wa mtu, na mimi nilikuwa nimeshika ufizi wa marehemu ambaye kaka zake walikuwa wamekaa kwenye benchi mlangoni. Nilipiga kelele. Mzee Gwakisa akaja, akaigusa.

"Ni plasta, si bibi. Plasta ikikutana na maji hutoa joto, ulisoma." Kisha, alipokuwa anaondoka, akageuka. "Lakini mshike vizuri."

Najua mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nacheka sasa. Nacheka pia nikimkumbuka mama mmoja aliyetaka kung'arisha meno yake ya bandia akayachemsha sufuriani, yakajikunja yote, akaniletea kwenye kitambaa akisema yamekasirika. Plastiki ile haipitishi joto kabisa, na walioyavaa meno hayo walikuwa wanameza uji wa moto bila kuuhisi mpaka unawachoma kooni. Ila ikizidishiwa moto inalainika na kupoteza umbo. Waambieni watu wenu. Maji ya vuguvugu tu.

Sasa tufike kwenye wakati wenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kilipofunguliwa. Mashamba ya umma yalikuwa yakipata wenyewe wapya, mitumba ilijaa sokoni, na mtu binafsi aliruhusiwa kufungua zahanati yake. Kule nilikokuwa nikifanya kazi, hospitali ya serikali, dawa zilikuwa haziji, na nilikuwa nawaambia watu warudi wiki ijayo mpaka nikaona aibu kuwatazama. Tajiri mmoja akafungua kliniki ya meno pale Ibighi, akaniita. Nikaenda. Siku ya kwanza akanionyesha mashine ndogo ya kutikisa. Unapachika kidonge chenye zebaki na unga wa fedha vilivyopimwa kiwandani, unabonyeza, inalia zzzz kwa sekunde chache, amalgamu tayari. Hakuna kinu, hakuna kukamua zebaki kwa kitambaa, hakuna mkono kukakamaa. Niliipenda mashine ile kuliko nilivyowapenda baadhi ya jamaa zangu.

Nawaomba msikilize hapa. Katika ule utaratibu wa zamani, muuguzi alikuwa akisaga amalgamu kwenye kinu, na wakati anasaga, mimi nilikuwa natandika blanketi. Sauti ya mchi ndiyo iliyokuwa ikinikumbusha. Mikono yangu ilikwisha zoea kwamba sauti ile ikiwepo, simenti inaingia. Mashine ilipokuja, ile sauti ikaondoka, na ile nafasi ya kusubiri ikaondoka nayo. Njia mpya ikiingia kazini kwako, angalia imeondoka na nini, kwa sababu haitakuaga.

Mzee Ambakisye alikuja katika wiki zile za kwanza. Alitoka Masukulu, mkulima wa chai na migomba, mzee wa kanisa, mtu mrefu aliyezoea kusikilizwa. Gego la chini, upande wa kushoto, shimo refu. Nikachoma ganzi, nikachimba, nikasafisha. Nikabonyeza mashine yangu nimwonyeshe maendeleo. Zzzz. Amalgamu tayari, na ikiwa tayari haisubiri, inaanza kukaza. Nikaijaza, nikaikandamiza, nikaichonga. Akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana, akaenda zake.

Ilikuwa kabla ya baridi. Baadaye ukaja mwezi wa sita, na ninyi wa huku mnaijua baridi yetu, ukungu unashuka kutoka mlima Rungwe na asubuhi kila mtu anayefungua mdomo anatoa moshi. Jumatano moja, mvua ya manyunyu inanyesha, Mzee Ambakisye akaingia kliniki amejifunika blanketi mabegani na mkono ameuweka mdomoni. Hakusalimia. Mzee wa kanisa, asisalimie! Aliinamisha kichwa tu, akakaa kitini.

Nikamwuliza swali langu. Akanijibu hivyo nilivyowaambia.

"Watu wakisema, baba? Wakisema nini?"

"Chochote. Nikiwa peke yangu jikoni, kwenye moto, halina neno. Nikitoka nje nikakuta watu wamesimama, wakafungua midomo kunisalimia, naiona pumzi inawatoka. Naiona kwa macho, mwanangu. Inakuja inaingia hapa." Akagusa shavu. "Inashuka mpaka magotini. Kanisani Jumapili nimeshindwa kusimama."

Akanisogelea, akashusha sauti.

"Unazijua *imbepo sya bandu*?"

Nilikuwa nazijua. Bibi yangu alinisimulia nikiwa mdogo, na wengi wenu huenda hamjapata kusikia. Wazee wetu waliamini kwamba mtu akitenda ubaya na majirani wakaujua, wakawa wanaunong'ona tu majumbani mwao bila kumwambia, ule mnong'ono haupotei. Unatoka vinywani mwao kama pumzi ya baridi, unamwendea aliyetenda ubaya, unamwingia mwilini. Anatetemeka wakati wenzake wanaota jua. Asipotengeneza alichoharibu, anakufa. Hiyo ndiyo pumzi ya watu.

"Kabla hujanifungua mdomo, acha nikwambie," akasema. Akaniambia.

Mdogo wake alifariki akaacha mke, Subilaga, na watoto, na shamba la chai alilopanda kwa mikono yake. Kiwanda cha chai kilipopata mwenyewe mpya, makarani walipita vijijini kuandika upya majina ya wakulima. Karani alipouliza lile shamba la kando ya mto ni la nani, Ambakisye akajibu ni lake, na kwamba marehemu hakuacha mtu wa kulishika. Subilaga alikuwa amesimama hapo. Hakusema kitu. Akabakiwa na migomba nyuma ya nyumba.

"Hajawahi kunigombeza hata siku moja," akasema. "Ananisalimia. Kila asubuhi ananisalimia polepole, na kila akinisalimia, baridi inaingia. Jumamosi nimeita kikao cha ukoo. Nitasema yote, nitamrudishia. Nimekuja kwako unipe dawa ya kunifikisha Jumamosi."

Subilaga nilikuwa namfahamu. Ndiye aliyekuwa akiuzia kliniki maziwa. Wakati huohuo alikuwa nje, chini ya kibaraza, akisubiri mvua ipungue na kopo lake tupu mkononi. Dirisha lilikuwa wazi nusu. Akamwona shemeji yake kitini, akainama kidogo.

"*Ugonile*, baba," akasema. Za asubuhi.

Moshi mwembamba ukamtoka mdomoni, ukaingia dirishani. Nami niliona kwa macho yangu Mzee Ambakisye akiruka kitini na kujishika taya.

Nilifunga dirisha. Nikaichukua kadi yake ili mikono yangu ipate kazi, na hapo ndipo nilipoona. Mahali tunapoandika simenti, palikuwa patupu. Nikaisikia ile mashine, zzzz. Sikumbuki kushika simenti siku ile. Nilichukua puto la mpira tunaloliminya kukaushia jino, nikapuliza hewa kidogo kwenye lile gego, akaruka vilevile. Hewa tu, isiyo na shemeji wala ukoo. Jikoni hakuumwa kwa sababu jikoni kuna joto na hana wa kumfungulia mdomo. Nje aliumwa kwa sababu ya ubaridi, na akisalimiwa huitikia, na akiitikia anavuta hewa juu ya kijiko nilichomlaza nacho kitandani.

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia, "Baba, si pumzi ya watu. Ni mimi. Nilisahau kukuwekea blanketi." Nikamweleza habari ya kijiko na mwiko, yote.

Akacheka, kicheko kirefu, na uso wake wote ukashuka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Kijiko!" akasema. "Nilikuwa nakwenda kujivua nguo mbele ya ukoo mzima kwa ajili ya kijiko. Basi Jumamosi hakuna kikao."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu ilikuwa inamnyang'anya mjane shamba mbele ya macho yangu. Nje ya kioo Subilaga alikuwa bado amesimama, anapuliza vidole vyake.

Nikachoma ganzi, nikasubiri, nikaanza kuitoa amalgamu vipande vipande. Mashine ya kuchimba ikilia, mvua ikinyesha. Kipande cha mwisho kikatoka. Nikakausha shimo kwa pamba, nikasogeza taa, nikaweka kioo, nikaangalia chini. Niliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mdomo wake ulikuwa wazi, hawezi kusema, lakini macho yake yalikuwa juu yangu na yalikuwa yananiuliza.

"Blanketi lipo, baba," nikasema.

Macho hayakupepesa.

"Lipo zima. Sikusahau. Nilisahau kuandika tu."

Akayafumba. Chozi moja likatoka kwenye kona ya jicho, likashuka mpaka sikioni, nikalipangusa kwa pamba. Nikamwambia nitaongeza jingine juu yake, nikaongeza, nikajaza upya. Aliposimama, mdomo umekufa ganzi, akasema kwa taabu, "Kwa hiyo ni wao."

"Mimi najua meno tu, baba," nikamjibu.

Jumamosi ile sikuwepo, lakini Masukulu yote iliweza kunisimulia. Alisimama mbele ya ukoo akasema kila kitu, mpaka maneno aliyomwambia karani. Wengine walitaka kumtetea, wakasema ni ugonjwa wa meno tu, mbona mjini kuna dawa. Akawanyamazisha. "Dada wa meno amefungua kwa mikono yake. Blanketi lipo." Wiki iliyofuata akaenda mwenyewe kiwandani na Subilaga, jina likabadilishwa. Na gego, watu walisema, lilinyamaza Jumamosi ileile, kabla hajafika nyumbani.

Jumatatu Subilaga alileta maziwa. Aliweka kopo chini, akanishika mikono yangu yote miwili.

"Ndaga fijo, dada. Umesema kweli."

Pumzi yake ikanifikia usoni, na gego langu la kulia likashtuka.

Nilidhani ni hali ya hewa. Lakini nataka mwelewe gego hilo ni gego gani. Alilijaza Mzee Gwakisa mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi wake, kwa kinu na mchi, na mimi nilishika kioo nikaangalia blanketi likitandikwa. Tangu hapo halikuwahi kunisumbua, si kwa chai wala kwa maji ya mtoni. Nilirudi ndani nikajipima. Hewa ya puto, kimya. Barafu kutoka kwenye friji ya tajiri, kimya. Chai ya moto, kimya. Nikajiambia nimechoka.

Sasa niseme, maana nimewazungusha vya kutosha. Blanketi halikuwepo. Chini ya shimo la Mzee Ambakisye palikuwa mfupa mtupu wa jino, wa njano, unyevu, kama nilivyojua utakavyokuwa. Nilimdanganya mgonjwa huku mdomo wake uko wazi na vyuma vyangu vimo ndani. Na sikudanganya kwa kubahatisha, nilipiga hesabu: jino lililochokonolewa hulalamika siku mbili tatu, kisha hunyamaza. Jumatano mpaka Jumamosi. Nilijua litanyamaza wakati gani na nilijua atadhani ni nani amelinyamazisha.

Mzee Gwakisa alitufundisha kwamba mgonjwa wako ni yule aliye kwenye kiti. Aliyeko kibarazani, hata awe ameonewa namna gani, hajafungua mdomo akakukabidhi. Nilimwona Subilaga akipuliza vidole nikaliacha somo hilo. Nilifurahi, siwafichi. Siku alipopeleka majani ya kwanza kwa jina lake nilifurahi mpaka nikaimba. Na nilikuwa naogopa pia, kwa sababu kila alipokutana nami akanishukuru, lile gego liliitika.

Miaka ikaenda. Mzee Ambakisye akawa mtu mwema kupita kiasi, wa kulima na watoto wa mdogo wake, na alipofariki watu walijaa. Mhubiri akasimulia habari ya jino pale kaburini, akasema na shahidi yupo, akaninyoshea kidole. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba. Umati wote ukageuka, wakafungua midomo pamoja, "Ndaga, mama, ndaga," na ule moshi ukapanda, ukakusanyika juu ya vichwa vyao, ukanijia. Nilishika mgomba nisianguke. Wakasema nina uchungu wa msiba.

Mwaka jana nilikwenda kwa kijana mmoja wa kizazi chenu, mpole, mwenye mikono miepesi. Nikamwambia, nitolee hiki kiziba cha zamani, uniangalizie blanketi. Neno hilo hakulijua, nikamweleza, akacheka vizuri. Moyoni nilikuwa naomba lisiwepo. Nilikuwa naomba Mzee Gwakisa naye awe alikosea, au macho yangu ya ujana yaliona vibaya, iwe ni kijiko tu, basi, nirudi nyumbani nikalale.

Akachimba. Akasogeza taa. Akaangalia chini muda mrefu, nami mdomo wazi, nikimtazama macho.

"Blanketi lipo, mama," akasema. "Zima kabisa."

Nikayafumba yangu.

Alijaza upya kwa taa yake ya bluu, akaninyanyua, akanipa maji nisukutue. Subilaga bado yu hai, wajukuu zake watamsomea haya, na ajue kwamba shamba ni lake na lilikuwa lake kabla ya jino la mtu yeyote. Aninyime shukrani tu, ndicho ninachomwomba. Yule kijana alivua glavu, akakaa mbele yangu kama alivyofundishwa, akaniuliza, "Sasa mama, kama blanketi lipo, linaumizwa na nini?"

Siku ile nilisingizia baridi. Jibu lenyewe ndilo hili nimewaandikia.